Simu Iliyomtaka Afungue Macho

Siku ile simu mpya ilipotangazwa, opereta wa hospitali aliunganisha simu kumi na nne kabla ya saa nne asubuhi, na tisa kati ya hizo hazikuhusu ugonjwa wowote. Daktari wa mifupa alimtaka daktari wa meno. Mtu wa stoo alimtaka mtu wa maabara. Hata metroni, mwanamke asiyecheka mpaka mwisho wa mwezi, aliomba apewe chumba cha eksirei akauliza, kabla hata laini haijashika, "Umeiona? Haina hata kitufe kimoja! Kioo kitupu, mbele na nyuma!"

Opereta hakuwa na tabia ya kusikiliza mazungumzo ya watu. Lakini mtu mwenye jambo la kumfurahisha huanza kusema kabla hajaunganishwa, na masikio hayana mlango.

Hospitali nzima walimwita Mama Swichi, kwa sababu ya swichibodi aliyokaa nayo miaka ishirini na saba katika chumba kilicho chini ya ngazi, kati ya ofisi ya kumbukumbu na mlango wa jenereta. Macho yake yalichukuliwa na surua akiwa na umri wa miaka tisa. Namba zote za ndani, mia moja na sitini na kitu, alikuwa nazo kichwani. Sauti alizijua kuliko namba. Wakati mmoja kijana alipiga akilia, akasema tu, "Nampata wapi mama yangu?" kisha kwikwi zikamzuia kutaja jina. Mama Swichi akamwambia, "Subiri," akampa wodi ya sita. Asubuhi ile mwanamke alikuwa amepiga kutoka wodi ya sita kuulizia chai, akiburuta maneno vilevile, na kupanda sauti vilevile mwishoni mwa swali. Alikuwa ndiye.

Kwa hiyo hakuwa mtu wa kubabaishwa na simu. Lakini simu yake mwenyewe ilikuwa imeanza kumtia mashaka. Kilikuwa kijisimu cha vitufe, kinene kama kipande cha sabuni ya kufulia, na juu ya kitufe cha tano palikuwa na kile kinundu kidogo ambacho watu wanaoona hawajawahi kukigundua. Kidole kikishapata kinundu, namba nyingine zote zinajipanga zenyewe. Sasa tano hiyo ilikuwa imekufa. Aliibonyeza mpaka ukucha ukamuuma, ikakaa kimya. Alikuwa amezunguka maduka matatu akitafuta nyingine kama hiyo, na kote alijibiwa kwa sauti ileile ya huruma: "Hizo zimepitwa na wakati, mama."

Jumapili iliyofuata binti yake alikuja na mumewe. Mkwe huyu alifanya kazi katika kampuni iliyokuwa ikileta ile simu mpya, upande wa matangazo. Alikuwa kijana mwenye adabu zake, mwenye kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa, na Mama Swichi alimheshimu kama mama anavyomheshimu mkwe: kwa maneno machache na sauti ya chini. Ndiyo maana mkwe alipomwekea kitu baridi mkononi na kusema, "Mama, hii ndiyo yenyewe. Madukani haijafika bado. Wewe ni wa kwanza," hakusema lililomjia kichwani. Lililomjia kichwani ni kwamba ameshikishwa kigae cha bafuni.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Juu yake ni wapi?"

"Popote, mama. Ukiigeuza, nayo inajigeuza."

"Kwa hiyo haina juu."

"Inayo, ila inahama."

Mzee wake, mume wa miaka mingi na fundi seremala aliyestaafu na kubaki na mazoea ya kupimapima kila kitu, alikohoa pale kitini. Ni kikohozi cha mtu anayemeza kicheko.

Mkwe akaeleza shida yake. Jumamosi palikuwa na uzinduzi mbele ya duka kuu. Simu hii, alisema, inazungumza na wasioona. Inawasomea kila kilichomo. Kampuni ilitaka mtu asiyeona apande jukwaani, aishike, aseme ameionaje kwa mara ya kwanza. Dakika mbili tu. Naye alikuwa amemtaja mama mkwe wake kwa meneja, na meneja amefurahi sana. Maneno ya kusema yalikuwa yameshaandikwa. Alimsomea kutoka kwenye karatasi.

"Tangu nilipopata simu hii, giza limeondoka maishani mwangu."

Mama Swichi aliuma meno. Alingoja mpaka mkwe alipotoka na mzee kwenda kutazama mlango wa stoo uliovimba, ndipo akamgeukia binti yake.

"Giza gani?"

"Mama, ni maneno ya matangazo tu."

"Basi wakamtafute mwenye giza. Mimi nimesomesha watoto watatu, nimeshika kazi miaka ishirini na saba, nakuja kuambiwa giza langu limeondolewa na kigae?"

"Mama, tafadhali. Amejitokeza mbele ya wakubwa wake. Ukikataa ataonekana muongo."

Mama Swichi alivuta pumzi. "Sikatai. Lakini siwezi kusifia kitu nisichokijua. Mwambie aniachie mpaka Jumamosi. Nitaitumia, kisha nitasema."

Binti alimbusu kwenye shavu kwa furaha, na Mama Swichi akajua palepale kwamba amejitia kitanzi.

Jumatatu, baada ya kazi, alikaa mezani jikoni kufungua simu. Sauti ikatoka humo ndani, ya mwanamke aliyejifunza Kiswahili, ilivyoonekana, kwa kusoma lebo za mizigo. Ilimtaka asajili uso wake. Sawa. Aweke uso ndani ya duara. Duara liko wapi? Mzee akamshika kichwa kwa mikono miwili kama anayepachika bawaba, akakisogeza kushoto, kulia, juu, chini, mpaka shingo ikalia.

"Fungua macho yako," ilisema simu.

Mama Swichi hakuelewa mara moja. "Inasemaje?"

"Inasema ufungue macho," mzee alijibu polepole.

"Fungua macho yako," simu ikarudia, kwa upole uleule. "Tazama skrini ili kuendelea."

Alikaa pale na ile simu mkononi, damu ikimchemka. Hakuwa amekasirika hivyo tangu siku karani fulani alipomwambia aweke sahihi "pale penye mstari". Mzee naye akaanza kucheka, akajitahidi kuacha, akashindwa, mwishowe ikabidi atoke nje. Alipomaliza kucheka alirudi, wakatafuta njia nyingine, ya kufungua kwa tarakimu sita. Lakini tarakimu hizo hazikuwa na kinundu. Unapapasa, sauti inataja kila unachogusa, unagonga mara mbili. Ukikosea moja, unaanza upya. Kufungua tu mlango wa simu kulimchukua muda ambao kule kazini angekuwa amewaunganisha watu ishirini.

Jumanne alijaribu kumpigia mzee wake aliyekuwa dukani. Jina lilikuwa limeandikwa "Mume Wangu". Simu ikasoma "Myumi Wangyu". Aliruka jina hilo mara tatu akidhani ni mgeni. Mwishowe akagonga, kidole kikateleza, akajikuta anazungumza na daktari wa mifupa, ambaye alishtuka akidhani hospitali inaungua.

"Samahani, daktari. Nilikuwa namtafuta mume wangu."

"Hayupo huku, Mama Swichi," alisema daktari, kwa uangalifu mkubwa.

Jumatano aliamua kupiga huduma kwa wateja. Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Mashine iliitika: kwa lugha hii, bonyeza moja. Ili apate moja ilibidi atoe simu sikioni, atafute mahali pa kuita zile namba, maana zilijificha mara tu simu ilipoitikiwa. Akiwa anapapasa, ile sauti ya ndani nayo ikaanza kumweleza anachogusa, mashine ikiendelea kumweleza abonyeze nini, sauti mbili zikisemezana juu ya kichwa chake kama wake wenza. Alipoipata moja, mashine ilikuwa imeshamuaga. Alipiga tena. Mara ya tano alifika kwenye "bonyeza sifuri kuzungumza na mhudumu", akabonyeza, ukapigwa muziki wa filimbi. Alisubiri robo saa. Kisha sauti ikasema wahudumu wote wana shughuli, ikakata.

Mama Swichi aliiweka simu mezani, mbali na mkono wake asije akaivunja. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumkatia mtu. Waliomtukana hakuwakatia. Mlevi aliyepiga kila Ijumaa kumwomba amwunganishe na mkewe aliyekwisha kufariki hakumkatia. Alikuwa anamwambia, "Leo hapatikani, baba, nenda ukapumzike," na mlevi anashukuru.

Haki ya mtu ni apewe, na simu nayo ilikuwa na la kwake. Alhamisi mzee alimwonyesha jinsi ya kuielekeza kwenye maandishi ikayasoma. Aliielekeza kwenye kopo la rafu ya juu, ikasema "chumvi". Aliielekeza kwenye kopo jingine la umbo lilelile, ikasema "magadi". Aliielekeza kwenye barua ya mwajiri iliyokaa siku tatu ikimsubiri binti, ikamsomea yote, kwa lafudhi yake ya ajabu, lakini yote. Kusoma barua yako mwenyewe, wewe peke yako, bila mtu kusitasita katikati akipima akuambie au asikuambie, ni jambo. Hakulificha. Kisha mzee akaielekeza simu kwa mkewe, nayo ikasema, "Mtu mmoja. Kiti. Huenda amekasirika."

"Huenda!" alisema Mama Swichi.

Jumamosi asubuhi walimpeleka. Palikuwa na muziki wa kupasua masikio, harufu ya rangi mbichi ya jukwaa, na watu wengi. Alisikia upana wao kwa jinsi sauti zilivyorudi kutoka ukutani. Mkwe alimshika kiwiko kwa adabu. Meneja akaja kumsalimia, akapaza sauti kama anayezungumza na kiziwi.

"MAMA! HUJAMBO! UMEPANDA NGAZI VIZURI?"

"Sijambo, baba. Nasikia."

Alipandishwa. Meneja akashika kipaza sauti, akawaambia watu kwamba leo wamemleta mama yetu mpendwa, mama aliyeishi gizani miaka yote, aje atueleze simu hii imemfanyia nini. Watu wakapiga makofi ya huruma. Makofi ya huruma yana mlio wake, ya taratibu na yaliyolowa, na Mama Swichi aliyajua tangu shule.

Akapewa kipaza sauti. Kwa kweli alikuwa amepania kusema maneno matatu tu ya heshima na kushuka, kwa ajili ya mkwe. Alianza vizuri. Alisema simu imemsomea barua yake na makopo yake, na kwamba kwa hilo aliyeitengeneza apewe mkono. Watu wakashangilia. Akasema kwamba hata hivyo inateleza, haina alama ya kidole kushika, Kiswahili chake kinahitaji mwalimu, na ukipiga kuomba msaada unapewa filimbi. Watu wakacheka. Bado mambo yalikuwa mazuri.

Tatizo ni meneja. Alikinyakua kipaza sauti akicheka, akasema, "Mama yetu atazoea tu! Wazee wetu huwa wagumu kidogo kwa vitu vipya. Simu hii hata mtoto mdogo anaitumia akiwa amefumba macho!"

Mama Swichi hakuhitaji kipaza sauti. Alikuwa na sauti iliyojifunza kupenya jenereta.

"Basi fumba wewe, baba, umpigie mkeo."

Umati ukalipuka. "Afumbe! Afumbe!" Mtu wa mbele alitoa kitambaa cha shingoni kikapitishwa mkono kwa mkono. Meneja angeweza kukataa, lakini alikuwa ameshajisifu mbele za watu, na mtu aliyejisifu ana njia nyembamba. Akafungwa kitambaa, akapewa simu, ambayo ilikuwa imesajiliwa uso wake yeye kwa ajili ya maonyesho.

Simu ilikuwa imeunganishwa na spika za jukwaani. Kila mtu aliisikia.

"Fungua macho yako," ilisema. "Tazama skrini ili kuendelea."

Watu walivunjika mbavu. Meneja akaigeuza simu, akapapasa, akagonga hapa na pale. Ikasikika *klaki*: alikuwa amejipiga picha. Akagonga tena, ikaanza kumsomea hali ya hewa. "Ipo karibu," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya kupaza. "Ipo hapa hapa." Mama Swichi alimsikia akihema, alisikia vidole vyake vikiteleza kwenye kioo kwa kasi ya mtu aliyepotea njia, na kicheko cha watu kikizidi. Ghafla hakikumfurahisha tena. Alikujua kuhema kule. Kulikuwa kwake kwa Jumatano.

"Inatosha," alisema. "Mfungueni." Lakini hakuna aliyemsikia, maana muziki ulikuwa umefunguliwa juu kabisa kuokoa jahazi.

Binti aliwarudisha nyumbani kwa gari. Walipofika mlangoni, mkwe ndipo aliposema, kwa sauti kavu, "Mama, ulijua ni mimi niliyekupendekeza."

"Nilijua."

"Basi." Akachukua simu, akaaga kwa heshima zote, na wiki tatu hakukanyaga pale nyumbani.

Ziliuma, wiki hizo. Binti alikuja peke yake, akikaa ukingoni mwa kiti. Mzee, ambaye alikuwa amepata kwa fundi mmoja kijisimu kikuukuu chenye kinundu kikali kwenye tano na kujiona shujaa, hakuona kosa liko wapi.

"Ulitaka useme uongo?"

"Nilitaka niseme ukweli bila kumvua mtu nguo," alijibu. "Na aliyevuliwa si meneja peke yake."

Jumanne moja, saa ya chakula cha mchana, mlango wa swichibodi uligongwa. Alizitambua nyayo kabla ya hodi. Alikuwa mkwe, bila viatu. Alikuwa amevivua nje, kwenye korido ya hospitali.

"Vaa viatu, mwanangu, hapa si nyumbani," alisema. "Kaa. Kiti kipo kushoto kwako."

Mkwe alikaa. Wamehamishwa, alisema. Yaani amehamishwa yeye. Baada ya ile Jumamosi, picha za meneja mwenye kitambaa zilisambaa kila mahali, na watu wakaanza kuandika kuhusu ile filimbi ya huduma kwa wateja, malalamiko mamia kwa mamia. Wakubwa wakaamua pawekwe watu halisi wa kupokea simu. Meneja ndiye aliyechagua wa kupelekwa.

"Akakuchagua wewe."

"Wa kwanza kabisa. Mama, wananitukana kutwa nzima. Jana mtu mmoja alinipigia akanitukana, akakata, akapiga tena kwa sababu kuna tusi alikuwa amelisahau. Nikirudi nyumbani siwezi hata kula. Nimekuja kukuuliza, wewe unafanyaje?"

Taa ya simu ilikuwa haina maana kwake, lakini kengele ililia. Mama Swichi akaitika, akaunganisha, akarudi kwake. "Nitakuonyesha. Lakini kwanza nikuombe radhi. Ningeweza kumjibu yule bwana na bado nikakusitiri. Hasira ilinipanda kichwani."

Mkwe akasema, "Yale maneno ya giza, mama. Uliyakasirikia sana. Binti yako aliniambia."

"Ya meneja yale, nimemsamehe."

"Hayakuwa ya meneja. Niliyaandika mimi."

Kengele ikalia. Safari hii aliiacha ilie mara mbili, jambo ambalo hakuwa analifanya, ndipo akaitika. Aliporudi alimgeukia mkwe.

"Wewe umekuja kwangu mara ngapi, mwanangu? Miaka minne hii. Umeniona gizani?"

"Hapana, mama. Kusema kweli, umeme ukikatika kwenu ni mimi ninayejigonga kwenye meza." Akaongeza, "Nilidhani ndivyo matangazo yanavyosemwa. Sikufikiri kwamba ni wewe ndiye utakayeyasema."

Mama Swichi alinyoosha mkono kwenye droo, akatoa hedifoni ya pili, ile ya kufundishia wageni, akampa aivae. Mkwe akakaa pale mpaka saa nane akisikiliza. Alimsikia mama mkwe wake akipokea mtu mwenye kupiga kelele, akimwacha amalize pumzi, kisha akimuuliza kitu kimoja kidogo chenye jibu: uko wapi sasa hivi? Umekaa au umesimama? Alimsikia akimwambia mtu, "Sijui, lakini namjua anayejua, usikate." Hakuna mahali aliposema samahani zaidi ya mara moja. Mkwe alipoondoka alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Tangu hapo alianza kuja tena Jumapili, na kuvua viatu vyake mahali panapostahili. Si kwamba mambo yalinyooka yote. Simu ile bado ina sauti ya lebo za mizigo, na bado inawataka wasioona wafungue macho. Mkwe amepeleka malalamiko hayo juu mara nne, na mara nne amejibiwa kwamba yanashughulikiwa. Mama Swichi kila akiulizwa kuhusu hilo anatoa sauti ya puani ambayo haihitaji tafsiri.

Juzi, katikati ya kazi, mkwe alimpigia kupitia namba ya hospitali, akinong'ona.

"Mama, samahani. Nina mzee asiyeona hapa kwenye laini nyingine, amenunua ile simu jana. Alimpigia mwanawe, mwanawe akamaliza kuzungumza akaiacha simu bila kukata, sasa mzee hajui jinsi ya kukata. Akapata simu ya jirani kunipigia. Anaogopa simu yake inaendelea kula salio."

"Mwambie azime."

"Hajui pa kuzimia."

"Kuna mtu anayeona hapo kwake?"

"Jirani ametoka, anarudi baada ya dakika kumi."

Mama Swichi alikuwa na simu mbili zinalia na daktari wa meno akingoja. Alisonya, si kwa mkwe, wala si kwa mzee yule.

"Basi kaa naye kwenye laini mpaka jirani arudi," alisema. "Muulize mwanawe anafanya kazi gani. Hiyo peke yake ni dakika kumi."